Insha ya Lumbesa

Kila risechi inayoletwa kuchapwa kwenye steshenari yangu hapa Tukuyu huanzia duniani. Mwanachuo anataka kueleza kwa nini watoto wa kata yake huchelewa shule siku za mvua, jambo ambalo hata mbuzi wa jirani analijua, lakini haruhusiwi kulisema hivi hivi. Sharti azunguke kwanza. Uchelewaji shuleni ni tatizo linaloikabili dunia. Aya ya pili tunatua Afrika, kusini mwa Jangwa la Sahara. Tunapita Afrika Mashariki, tunaingia Tanzania, tunagusa Mkoa wa Mbeya, na ukurasa wa tano ndipo tunaposhuka Rungwe tukiwa hoi, na hiyo mvua yenyewe bado haijanyesha. Kutoka Mbeya mjini mpaka hapa ni kilomita kama 70, Hiace inazimaliza kabla hujamaliza kugombana na konda kuhusu chenji. Lakini kwa njia ya usuli wa tatizo, lazima kwanza upitie Ulaya.

Watu hudhani mwenye steshenari hasomi anachokichapa. Laiti ingekuwa hivyo, ningelala usingizi. Tatizo ni kwamba vidole navyo husoma. Nimechapa kazi za wanachuo wa ualimu wa hapa hapa, nimechapa za wale wanaosoma Mbeya mjini na kurudi likizo na flashi zilizojaa virusi, na muundo umeniingia bila kuuomba. Siku hizi ukiniletea karatasi ulizoandika kwa mkono, najua kinachokuja kabla sijafunua. Baada ya usuli litakuja tatizo la utafiti. Baada ya tatizo, lengo kuu moja na malengo mahususi matatu. Halafu maswali ya utafiti, ambayo ni malengo yale yale matatu yaliyotanguliziwa neno "je". Kisha umuhimu wa utafiti, ambapo kazi ya kurasa arobaini huahidiwa kuwasaidia watunga sera.

Sura ya Pili ni mapitio ya kazi tangulizi. Fulani alisema mwaka 2009. Fulani mwingine akamuunga mkono mwaka 2012. Wa tatu, mwaka 2015, akasema kama wale wawili. Wote wanashukuriwa kwa adabu, kisha wanashtakiwa kwa pamoja kwamba hawakufika Rungwe. Hapo ndipo linapopatikana pengo. Sijawahi kumwona mwanachuo aliyekosa pengo. Ada anaweza kukosa, hela ya baindingi anaweza kukosa, pengo halikosi.

Na katikati ya sura na sura wamewekwa mabawabu wawili wasiochoka: "Sura hii imejadili" na "Sura inayofuata itajadili". Mmoja anakueleza ulikotoka, ambako umetoka sasa hivi. Mwenzake anakueleza unakokwenda, nako ni ukurasa wa pili tu. Nikimaliza hao, nafika Sura ya Tano, kwenye mapendekezo, na hapo naweza kuchapa nimefumba macho: serikali iongeze, wazazi washirikiane, na watafiti wengine waendelee kutafiti.

Mbele ya duka nina benchi, na benchi lina mwenyewe: mwalimu mstaafu ambaye huja kusoma magazeti bila kuyanunua. Ni mtu mwenye akili nyingi na kasoro moja. Umwanzishie mazungumzo ya mbolea, ya mahubiri au ya bei ya mafuta ya taa, yote huyafikisha mwaka 1986, Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara. Siku moja alinisikia nikisoma kwa sauti habari za pengo, akatupa gazeti.

"Pengo gani Rungwe? Wale Wilson wawili, Godfrey na mkewe Monica, walikaa huku kati ya 1934 na 1938 wakituuliza kila kitu. Mama yule akatoa kitabu mwaka 1951, mambo ya vijiji vyetu vya marika yote yamo humo. Sisi tumeandikwa mpaka tumeisha!"

Mwanachuo mwenye kazi yake, kijana mpole, akajibu, "Shikamoo Mwalimu. Lakini hawakuuliza kwa nini watoto wanachelewa shule."

Mwalimu akafikiri. "Marahaba. Hilo kweli hawakuliuliza." Akaokota gazeti lake. Nami nikaendelea kuchapa kwa shingo upande, maana kijana alikuwa na hoja, na niliipata benchini. Katika kurasa zake zote hakuwa ameiandika kwa wepisi ule.

Haya ya vyuo nilishayazoea. Kilichonimaliza ni insha ya binti wa dada yangu.

Huyu yuko kidato cha sita, akili zake zimenyooka, na aliingia dukani akitabasamu kuliko kawaida. "Shikamoo mjomba." Nikaitika marahaba huku najua kabisa hana hela ya kuchapa. Alikuwa na insha ya somo la GS, yaani General Studies: jadili mchango wa zao la parachichi katika maisha ya watu wa eneo lako. Nikafurahi. Parachichi tunalijua. Limepanda milima yote hii, mpaka kwenye kingo za mashamba ya chai. Nikasema leo nitachapa kitu kinachotuhusu.

Nikachapa. Hoja ya kwanza: parachichi huleta kipato. Ya pili: hutoa ajira. Ya tatu: huboresha lishe. Hapo sawa. Ya nne: huinua uchumi. Nikasimama. "Mama, uchumi huu si kile kipato cha juu?" Akaniangalia kwa huruma. "Mjomba, lazima ziwe sita." Ya tano: huboresha hali ya maisha. Ya sita: hupunguza umaskini. Kwa hiyo binti alikuwa na hoja tatu, na moja kati ya hizo tatu alikuwa ameivalisha nguo nne tofauti.

Kumbe utaratibu una hesabu zake, na hesabu zinaanzia chini, kidato cha nne. Alinieleza jinsi walimu wao walivyozoea kugawa alama: moja na nusu za utangulizi, mbili mbili kwa kila hoja, hoja ziwe sita, moja na nusu nyingine za hitimisho, jumla kumi na tano. Mtoto anafunzwa hivyo mpaka ukimwamsha usiku wa manane ukamuuliza sababu za chochote, atakutajia sita kabla hajafumbua macho. Vita vya Majimaji, sita. Mmomonyoko wa udongo, sita. Kwa nini umechelewa kurudi dukani? Utangulizi, sita, hitimisho.

Mkulima wa viazi wa Rungwe hahitaji kamusi kujua hii inaitwaje. Hii ni lumbesa. Gunia limejaa mpaka mdomoni, lakini mnunuzi hataki kuona mdomo. Anataka kilemba juu yake, kishonewe kwa kamba, ndipo alihesabu gunia moja. Wakala wa Vipimo wamepiga marufuku, wamesema gunia lisizidi kilo 100, na wewe na mimi tunajua yanayopita barabarani usiku. Tofauti ni kwamba mkulima kwenye kilemba huweka viazi vya kweli, vyenye jasho lake. Binti yangu kwenye kilemba cha insha aliweka majani ya migomba.

Nikataka kumlaumu mwalimu wake. Mwalimu wa benchini akanizuia. Yeye alishawahi kusahihisha mitihani ya taifa enzi zake, akanieleza jinsi kazi ile ilivyo. Walimu wanakusanywa kituoni, kila mmoja anapewa swali lake, anasahihisha swali lile lile kutoka karatasi moja hadi nyingine, asubuhi mpaka jioni, miandiko ya nchi nzima. "Ukifika jioni," alisema, "hutafuti hekima. Unatafuta hoja iko wapi. Mtoto aliyeianza aya yake kwa hoja, unampenda kama mwanao. Aliyeificha katikati ya maneno, unapita juu yake na hujui kama umepita."

Hapo nikaanza kuelewa kitu ambacho miaka yote ya kuchapa haikunifundisha. Muundo huu mkavu, wa kusema mwanzoni utakachosema, umetengenezwa kwa ajili ya msomaji aliyechoka. Msomaji asiyekujua, asiyekupenda, ambaye ana karatasi za watu wengine chini ya yako. Ndiyo maana unatupa shida sana sisi wa huku. Sisi tumezoea msikilizaji mwenye muda.

Tazama posa. Mshenga akifika kwa watu haanzi na shida yake. Anaulizwa hali, anajibu nzuri. Anaulizwa mvua, anaieleza mvua. Anaulizwa ng'ombe, migomba, wagonjwa wa kwao. Chakula kinaliwa. Baadaye sana, giza likikaribia, ndipo anapokumbuka kwamba walipokuwa wakipita waliona ua zuri kwenye boma hili. Kiini cha habari kimekuja mwisho, na kila aliyemo ndani alikijua tangu walipobisha hodi.

"Sasa mshenga aingie aseme," Mwalimu alinena kwa sauti ya darasani, "'Mazungumzo haya yatajadili sababu tatu za kumwoa binti yenu. Kwanza, ni mchapakazi.' Atatoka hapo na ng'ombe wake wote, na mbwa nyuma yake!"

Kwa hiyo mtoto wa Rungwe anabebeshwa adabu mbili zinazopingana. Nyumbani, kuanza na shida yako ni utovu wa heshima. Shuleni, kuichelewesha ni kukosa alama. Juu ya hayo, nyumbani na shule ya msingi alifikiri kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akageuziwa Kiingereza, na hakuna aliyemweleza kwamba pamoja na lugha amebadilishiwa na utaratibu wa kuzungumza. Aliambiwa tu: ziwe sita.

Mwalimu alitaka tuachane na muundo kabisa. Alinikumbusha Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, kisha akavuka bahari na kumleta Mfaransa Montaigne, ambaye insha zake za mwaka 1580 zilikwenda zilikotaka, zikigeuka njiani kila zilipoona kitu cha kuvutia. Nikamwambia Montaigne huyo angefanya mtihani huku angerudia mwaka, maana hakuhesabu hoja. Halafu Montaigne alikuwa na mnara wake na mashamba yake. Binti wa dada yangu ana karatasi ya mistari na dakika chache.

Kilichonisaidia ni habari ya Mwalimu mwingine, yule wa Butiama. Nyerere alipokuwa Makerere miaka ya 1940 aliingia kwenye mashindano ya insha. Aliandika juu ya kugandamizwa kwa wanawake, akachukua mawazo ya Mwingereza John Stuart Mill, aliyeandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1869, akayapima kwa jamii yake mwenyewe ya Wazanaki. Hebu lione hilo. Alikuwa na jambo moja la kusema, na jambo lenyewe lilikuwa nyumbani kwao. Mill hakuitwa kutoka Uingereza kuja kuongeza idadi ya majina kwenye mabano. Aliitwa kufanya kazi. Ukimtoa Mill, insha inapungukiwa. Jaribu kuwatoa wale watatu wa 2009, 2012 na 2015 uone kama kuna atakayegundua.

Basi nikafunga kompyuta, nikamwambia binti, "Achana na sita. Niambie kwa pumzi moja, wewe mwenyewe unaonaje parachichi?"

Akacheka kidogo. "Mjomba, mimi naona parachichi ni la mwenye uwezo wa kusubiri."

Mwalimu akashusha gazeti. Mimi nikaegemea kaunta. Kwenye kurasa zote alizoniletea, sentensi hiyo haikuwamo.

"Kwa nini?"

Hapo maneno yakafunguka. Mche wa parachichi wa kubebeshwa, hata ule wa Hass, huchukua kama miaka mitatu kuanza kuzaa. Mama yake anauza mikungu ya ndizi na kwa hela hiyo ndiyo wanakula. Akikata migomba apande miparachichi, miaka mitatu hiyo watakula nini? Mwenye eka nyingi anagawanya, hapa ndizi, pale parachichi, anasubiri huku ameshiba. Mwenye kipande hawezi. Na aliyekodi shamba ndiye kabisa, maana mwenye ardhi akikuona unapanda mti anajua unapanga kukaa, anakunyang'anya kabla haujatoa ua.

"Atakayekubishia atasema nini?"

"Atasema tuchanganye. Maharage katikati ya miparachichi michanga, shamba moja, mazao mawili."

"Utamjibu?"

"Kwa muda itawezekana. Mti ukitanuka unafunga kivuli, maharage hayapati jua. Na aliyekodi bado hajajibiwa."

Jamani, muundo ulikuwa umekaa pale kwenye kaunta bila kuitwa. Dai lake liko mbele. Linafuatwa na sababu, kila moja kwenye aya yake na ushahidi wake. Mpinzani anakaribishwa, anapewa kiti, anajibiwa. Mwisho anaeleza maana ya hayo yote: kwamba kugawa miche peke yake kunamsaidia zaidi aliyekwisha kuwa nacho. Nilimpa mtihani mmoja nilioupata kwa kuchapa kazi nzuri chache na mbaya nyingi: soma sentensi ya kwanza tu ya kila aya, uache nyingine zote. Zikisomeka kama habari moja inayokwenda mbele, insha imesimama. Kisha ujaribu kuhamisha aya ya pili iwe ya nne. Ikikubali kuhama bila kuvunja kitu, hujaandika insha, umeandika orodha. Zile sita za mwanzo ungeweza kuzipanga upya gizani na zisingelalamika. Hizi mpya zilikataa kata kata kuhamishwa.

Akaiandika upya, akaigeuza Kiingereza, nikaichapa bure na kwa moyo mkunjufu, jambo ambalo watu wa Tukuyu watakuambia halinitokei. Akaipeleka shuleni, ambako sitakutaja.

Ikarudi na wino mwekundu. Mwalimu wa darasa, naye mtu aliyechoka, alikuwa ameandika kwamba lugha ni nzuri, lakini hoja hazijatimia. Alama zilikuwa za kupita kwa kuburuzwa. Aliruhusiwa kuirudia.

Binti hakulia. Watoto hawa wana moyo wa biashara. Alikaa benchini akasema anahitaji hoja mbili za kushonea juu. Ya kwanza aliipata mwenyewe: parachichi hudumisha amani na mshikamano. Ya pili ikamsumbua. Mwalimu mstaafu, ambaye alikuwa kimya isivyo kawaida, akakohoa.

"Mjukuu wangu, andika kwamba parachichi hukuza michezo."

"Ushahidi, babu?"

"Tukuyu Stars. Ubingwa wa Bara, 1986."

Nikapinga. Nilisema hatuna ushahidi wowote kwamba wachezaji wale walikula parachichi. Mwalimu akajibu kwamba sina pia ushahidi kwamba hawakula, na hilo ndilo pengo la utafiti. Ikachapwa. Ikaenda. Ikarudi na tiki kwenye hoja zote sita, na tiki ndefu kuliko zote ilikuwa kwenye 1986, kwa sababu ilikuwa na mwaka, na mwaka huonekana kama utafiti. Binti alipata alama za juu. Mwalimu anatembea mjini kama mtu aliyetajwa kwenye jarida la chuo kikuu.

Mimi nimejifunza, na niliyojifunza nimeyabandika ukutani, karibu na printa, kwa herufi kubwa zilizokolezwa. Kuchapa ukurasa wa kawaida, shilingi mia tano. Ukurasa wa usuli ambao haujafika Mkoa wa Mbeya, elfu moja, kwa sababu ya umbali. "Sura hii imejadili" na "Sura inayofuata itajadili", shilingi mia kila bawabu. Hoja iliyokwisha kusemwa ikirudi na nguo nyingine, bei mara mbili. Pendekezo lolote linaloanza na "Serikali iongeze", malipo kwanza. Mwenye dai lake mwenyewe, awezaye kulisema kwa pumzi moja hapa kwenye kaunta, atachapiwa ukurasa wa kwanza bure.

Wateja wameyasoma, wamecheka, na wanaendelea kulipa bei kubwa. Ukurasa wa bure bado haujapata mtu. Jana alikuja mmoja akajaribu. Alivuta pumzi, akakaza macho, akasema, "Ukosefu wa maji ni tatizo linaloikabili dunia." Nikamwonyesha kwa kidole ile bei ya elfu moja.